Sauti Inayoshuka Mtoni

Amplifaya ilinifikia Kasulu ikiwa imefungwa kwenye kitenge, juu ya magunia ya maharage, kwenye basi la kutoka Kibondo. Dada Oliva alikuwa amenipigia simu asubuhi. "Kanisa wamenunua mpya. Hii walitaka kuitupa, nimegombana na watu, nimeichukua. Kapokee." Basi. Akakata.

Niliichomeka ukutani nikakaa nayo chini, kwenye simenti. Taa nyekundu ikawaka. Ikaanza kupata moto taratibu, na baada ya muda ikaitoa ile harufu ya kanisani kwetu. Vumbi linaloungua. Vumbi na mavi ya mjusi na kitu kingine kama plastiki yenye sukari. Jamani! Mtu mzima mimi, nina laptopu yangu, nina spika zangu mbili, nina watu wanaoniita fundi, nililia pale chini kama niliyepigwa.

Wanaonifahamu wanajua muziki ninaotengeneza. Ule wa polepole, wenye kodi ya kinanda, zile noti tatu za pamoja, inayogongwa mara moja tu halafu inabaki inazunguka chumbani yenyewe, inarudi, inafifia, inarudi tena kwa mbali, mpaka unasahau ilianzia wapi. Wenyewe wanauita dab. Watu huniuliza nilijifunza chuo gani. Nikiwaambia sikwenda chuo, nilifundishwa na bibi yangu kwenye njia ya kwenda shamba la maharage, wanacheka. Wakicheka sana tunagombana, maana kwa Bibi yangu sina utani. Sasa leo naeleza yote, nisiulizwe tena.

Tulikuwa tunakaa Kitahana. Mama alikuwa anauza dagaa na mawese Kibondo mjini, analala huko, anakuja Jumapili kanisani moja kwa moja. Kwa hiyo wiki nzima nyumba ilikuwa na watu watatu: Bibi, aliyezaa mama yetu, Dada Oliva, ambaye alikuwa amemaliza shule ya msingi zamani na ndiye aliyepiga kinanda kanisani, na mimi, mwenye miaka kama tisa, ambaye Oliva aliniita Cherehani kwa sababu nilikuwa sinyamazi.

Oliva alikuwa na vidole visivyotulia. Akisubiri uji uchemke, anagonga kodi kwenye ukingo wa beseni. Akisali, anagonga kwenye benchi. Usingizini alinigonga mimi mgongoni, tulilala kitanda kimoja, na nikiamka naweza kukwambia usiku ule alikuwa anapiga wimbo gani.

Jumamosi moja mchana tulikuwa kanisani, yeye anafanya mazoezi, mimi nafagia. Kinanda kilikuwa na tundu lake nyuma ya amplifaya, lakini siku hiyo tundu lilikuwa linakatakata sauti, linamkera. Akauchomoa waya akauchomeka kwenye tundu la maiki, lile la mchungaji. Hilo ndilo tundu lenye eko, ile inayofanya mchungaji akisema "Haleluya" moja zisikike nne. Na eko ilikuwa imeachwa wazi tangu Jumapili.

Akabonyeza vidole vitatu. Kwa haraka, kama mtu anayegusa sufuria ya moto.

Kodi ikatoka, ya huzuni kidogo, imechafuka kidogo, kwa sababu tundu la maiki halikutengenezwa kwa ajili ya kinanda. Oliva akatoa mkono. Na hapo ndipo nywele ziliponisimama, kwa sababu mkono ulikuwa hewani na sauti ilikuwa bado inaendelea. Ilirudi. Ikarudi tena. Bati la kanisa lote likawa linaimba kwa chini, na vumbi nililofagia likawa linaelea kwenye mwanga wa dirisha, na mimi niliona, naapa, vumbi linacheza kwa kufuata.

"Nani huyo?" nikauliza.

"Nani wapi?"

"Anayeitikia."

Oliva akanitazama. Hakucheka. "Sijui," akasema, na akabonyeza tena.

Msinione mjinga. Duniani nilikuwa najua kitu kimoja tu kinachofanya vile, nacho ni salamu ya Bibi. Kila asubuhi ukungu ukiwa bado umekaa bondeni, Bibi anapanda kwenda shamba, na rafiki yake, Bibi Verediana, anashuka kwenda mtoni. Wanakutana pale njia inapojikunja. Hawasimami, wana kazi. Wanapiga makofi yale ya polepole, ya heshima, na kusalimiana kwa Kiha huku wanatembea. "Mwakeye!" "Mwakeye!" "Amahoro?" "Amahoro!" Na watoto? Na ng'ombe? Na mguu ule? "Ego, ego," yaani ndiyo, ndiyo. Wanapishana, na hakuna anayegeuka, lakini salamu haikatiki. Mmoja yuko juu, mwingine yuko chini kwenye migomba, na bado unasikia, eego, eego, eee, mpaka hujui kama bado ni mtu au ni bonde lenyewe.

Kwa hiyo kwa akili yangu, ile amplifaya ilikuwa kifaa chenye adabu. Ukikiambia kitu kinaitikia. Na nikahitimisha, kama mtoto anavyohitimisha, kwamba sauti isiyoitikiwa inakufa, na inayoitikiwa mara nyingi ndiyo yenye heshima kubwa. Kumbuka hilo, maana ndilo lililotuponza.

Kuanzia siku ile Oliva akawa haongei kitu kingine. Akaenda kwa mchungaji kuomba ruhusa apige kinanda kupitia tundu la maiki. Mchungaji hakuwa na neno. Mwenye neno alikuwa Mzee Filipo, mzee wa kanisa, mtu mrefu, mnyoofu, aliyeshika ufunguo wa amplifaya kama ameshika ufunguo wa mbinguni.

"Tundu la maiki ni la Neno," akasema. "Kinanda kina tundu lake."

"Tundu lake linakatakata, mzee."

"Basi na wewe piga kwa kukatakata. Hiyo sauti nimeisikia nikiwa shambani. Hiyo ni disko."

"Umewahi kwenda disko, mzee?" Huyo nilikuwa mimi. Oliva alinifinya mpaka leo nina alama.

Mwisho mchungaji akaamua. Siku ya sikukuu ya mavuno, watu wanapopeleka mazao mbele, Oliva angepiga ile sauti yake mara moja, watu wasikie, ndipo waamue. Oliva alifanya mazoezi wiki mbili. Kulikuwa na kitufe cha kuzungusha kilichoandikwa ripiti, ndicho kinachoamua sauti irudi mara ngapi. Yeye alikiweka robo. Robo tu! Nikaona dada yangu anaogopa. Dada yangu, anayepiga kinanda kuliko mtu yeyote wilaya nzima, anajinyima heshima kwa kumuogopa Mzee Filipo. Damu ikanichemka. Jumapili asubuhi, Oliva alipotoka nje kunywa maji, nikapita nyuma ya amplifaya nikazungusha ripiti mpaka ikagoma.

Kanisa lilijaa. Mihogo, mikungu ya ndizi, maharage kwenye vikapu, mawese kwenye madumu, kuku wamefungwa miguu. Watu wakasimama kwenye mstari. Oliva akafunga macho, akagusa kodi yake.

Ikatoka nzuri. Ikarudi. Ikarudi ikiwa ileile. Ikarudi ikiwa kubwa zaidi. Halafu ikaanza kupanda, kila inayorudi inapanda mgongoni kwa iliyotangulia, ikawa kodi kumi, ikawa mia, ikawa si kodi tena, ni mlio mmoja, kama ng'ombe wote wa Kigoma wamechinjwa pamoja. Watoto wakalia. Kuku wawili wakajifungua kamba, mmoja akaruka kwenye madhabahu. Mama mmoja akaangusha dumu la mawese na watu watatu wakateleza. Oliva alikuwa ameshatoa mikono, ameinyanyua juu kama mtu aliyeshikiwa bunduki, na mlio unaendelea, mpaka Mzee Filipo alipoivamia betri ya gari iliyokuwa inaiendesha amplifaya na kung'oa waya.

Mlio ukakatika. Kuku tu, madhabahuni.

"Mmesikia wenyewe," Mzee Filipo akasema, anahema. "Mimi sitaji pepo. Lakini mmesikia wenyewe."

Oliva akainama nyuma ya amplifaya. Nilimwona anaiona ile ripiti. Nilimwona anainua macho, ananitazama moja kwa moja, mimi niliyekuwa nimejibanza kwenye kitenge cha Mama. Akanyanyuka.

"Nimekosea mimi," akasema. "Sikuiweka vizuri. Naomba mnisamehe."

Na mimi, Cherehani, nisiyenyamaza hata nikiwa na tonsili, nikanyamaza.

Wakamwondoa kwenye kinanda siku ileile. Mzee Filipo akasema ana mpwa wake Kibondo mjini, kijana mtulivu, atakuja akichukue akakitunze, awe anakuja nacho Jumapili. Kilikuwa kinanda pekee tulichokijua. Kikienda mjini, kimeenda.

Kumbe adhabu kubwa ilikuwa nyumbani. Vidole vya Oliva vilinyamaza. Uji unachemka, beseni lipo, mikono yake imekaa mapajani kama vitu vya mtu mwingine. Usiku sikugongwa mgongoni. Nililala macho nikisubiri kodi hata moja, hata ya makosa. Hakunigombeza, na hakumwambia mtu. Shuleni watoto wakawa wananipigia ule mlio, "Wuuuuu!", na niliwapiga wote kwa zamu, mmoja nilimng'ata sikio, lakini kupigana kwenyewe hakukuwa na utamu, kwa sababu kila ngumi nilijua ni yangu mwenyewe.

Siku ya nne Bibi akaniamsha mapema. "Mwana wanje, chukua jembe."

Tukapanda. Kwenye njia akaniambia bila kunitazama: "Ile sauti ya kanisani haikulelewa."

"Ilikuwa inaitikia, Bibi."

"Ilikuwa inaitikia imesimama palepale. Mtu akikusalimia amesimama mlangoni, hapiti, hapunguzi, anarudia tu na kurudia, huyo si mgeni. Huyo amekuja kukudai. Salamu lazima itembee."

Ukungu ulikuwa mzito. Bibi Verediana akatokea pale kwenye kona na mtungi wake, wakaanza. Makofi, mwakeye, amahoro. Wakapishana. Bibi akanishika bega, akasimama, kitu ambacho hajawahi kufanya. "Sikiliza anavyoondoka. Lakini usisikilize anachosema."

Basi nikasikiliza. Nikasikiliza kwa mara ya kwanza maishani bila kuongea juu yake. Bibi yangu anaita, Verediana anaitikia kutoka chini, na nikasikia. Kilichopotea kwanza yalikuwa maneno. Zile ncha za maneno, k na t na s, zikabaki kwenye migomba. Likabaki "eego." Halafu "eee." Halafu midomo yenyewe ikapotea, ikabaki sauti ya kifuani tu, "mmm," ya chini, ya joto, pana kama bonde. Haikuwa ndogo, eti. Ilikuwa mbali. Nikaelewa kwamba vitu hivyo viwili ni tofauti. Mtu mzima mmoja alikuwa anavuliwa sauti yake kidogokidogo, ncha kwanza, tumbo mwisho, na ukungu ndio uliokuwa unamvua.

"Ameshafika mtoni?" nikanong'ona.

"Bado. Anashuka."

Niliacha jembe palepale. Nilikimbia mpaka nyumbani, nikamkuta Oliva anaosha vyombo, nikamwagika. Nikamwambia ni mimi niliyezungusha. "Najua," akasema. Nikamwambia Bibi anasema salamu lazima itembee. Nikamwambia ncha zinaondoka kwanza, tumbo linabaki. Nikamwambia amplifaya ina kitufe cha trebo, kile cha sauti za juu, na trebo ndiyo ncha, kwa hiyo ukigonga kodi halafu mtu akawa anapunguza trebo taratibu kila inaporudi, haitakuwa inapungua, itakuwa inaondoka!

Oliva akabaki na sahani mkononi. Maji yanamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Halafu nikaona kidole chake kimoja, kwenye mgongo wa sahani. Tap.

"Lakini hawatanipa tena," akasema.

Jumapili, wakati wa shuhuda, nikapanda juu ya benchi.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Mimi ndiye niliyezungusha ripiti mpaka mwisho. Dada aliiweka sawa. Na mtu asiseme pepo, hakuna pepo, ni mimi."

Watu wakaanza kucheka. Mzee Filipo akasimama. "Mtoto, shuka kwenye benchi."

"Sishuki mpaka dada arudishiwe kinanda."

"Shuka," Mama akasema kwa meno, "au nitakuchapa mbele ya Mungu."

"Nichape, Mama, lakini arudishiwe!"

Mzee Filipo akaja mpaka mbele yangu. Nikiwa juu ya benchi tulilingana macho. "Na kwa nini ulizungusha?"

Nilikuwa nimeandaa matusi. Nilikuwa nayo mengi, ya kutosha mwezi. Yote yakakimbia. "Nilitaka iitikiwe sana," nikasema. "Nilidhani ndiyo heshima."

Nikasikia wale bibi wa mabenchi ya nyuma wakisema "hee" kwa pamoja, kwa chini.

Mchungaji akasema, "Oliva, njoo. Na wewe mwenye mdomo, njoo usimame hapa tuione mikono yako."

Mzee Filipo mwenyewe ndiye aliyechomeka waya kwenye tundu la maiki. "Ikilia tena," akasema, "kinanda kinaenda Kibondo leo hii."

Oliva akaweka ripiti robo. Mimi nikaweka vidole kwenye trebo. Akanitazama, akanionyesha kwa nyusi, akagusa.

Pa.

Ikarudi, nikapunguza. Ikarudi, nikapunguza. Na ikawa. Sijui niseme nini kingine. Ile kodi ilishuka kutoka kwenye spika, ikapita katikati ya mabenchi, ikatoka mlangoni, na kila mtu mle ndani aligeuza kichwa taratibu kuifuata, kama mnavyomfuata mtu kwa macho. Nilikuwa nimeshika kitufe kidogo cha plastiki na mkono wangu ulikuwa unapeleka kitu mtoni. Ncha zikabaki kwenye migomba. Midomo ikapotea. Likabaki tumbo, pana, la joto, chini kabisa, na bati juu yetu linaitikia kwa kutetemeka.

Na pale ilipokuwa karibu haipo, Bibi yangu, kutoka benchi lake, bila kugeuka, akasema, "Eego."

Verediana kutoka nyuma: "Eego." Halafu wale bibi wengine, mmoja mmoja, eee, eee, mmm, kila mmoja chini kidogo kuliko mwenzake. Hakuna aliyewaambia. Mtu ameshapita njiani, unamwachaje aende bila kuitikiwa?

Nikamtazama Mzee Filipo. Mikono yake ilikuwa inapiga yale makofi. Polepole, ya heshima, vidole kwa vidole. Aliponiona namtazama akaiangalia mikono kama ya mtu mwingine, akaitia mfukoni.

"Kikae," akasema. Akaenda kukaa.

Usiku ule niligongwa mgongoni mpaka asubuhi.

Miaka mingi baadaye nilipopata laptopu yangu ya kwanza, nikawa naangalia kwenye simu mafundi wa nchi za mbali wanavyoeleza. Chukua kodi ya minor, ile ya huzuni, ifanye fupi. Ipeleke kwenye dilei, ndiyo ile eko. Weka filta kwenye dilei, ikate sauti za juu kila inaporudi. Usiache ijirudie sana, italia. Walikuwa wanaeleza kwa michoro na namba, na mimi nimekaa Kasulu na bando linalokaribia kuisha, mdomo wazi. Wameijuaje ile njia yetu? Nani aliwapeleka pale kwenye kona, asubuhi, ukungu ukiwa umekaa?

Bibi tulimzika mvua zilizopita. Verediana bado anashuka mtoni, na Oliva anasema anasalimia palepale kwenye kona, anapiga makofi yake, anaendelea kutembea.

Kwa hiyo jana, nilipomaliza kulia, nikachomeka laptopu kwenye tundu la maiki. Ripiti robo. Nikampigia Oliva, nikaweka simu mbele ya spika, nikashika trebo.

"Uko tayari?"

"Piga, Cherehani, acha maneno."

Nikagonga mara moja. Tukaisikiliza wote wawili, yeye Kitahana, mimi hapa, na chumba kinanuka vumbi la zamani.

"Imefika wapi?" nikamuuliza.

"Imepita kona."

Nikapunguza. "Sasa?"

"Iko kwenye migomba ya Verediana. Polepole, usiisukume."

Nikapunguza tena. Mimi nilikuwa siisikii tena kabisa.

"Sasa je?"

Nikabana simu sikioni, nikashika pumzi. Na kutoka mbali, chini kabisa, bila ncha hata moja, nikamsikia dada yangu.

"Mmm."